Gia ya Sita kwenye Barabara ya Utende

Barabara ya lami ya kutoka Kilindoni mpaka Utende ni kilomita kumi na nne na mita mia tatu kwa mita ya pikipiki yangu. Kwa mita ya gari la Suhail Jabir ni kumi na nne kamili. Tulibishana sana juu ya hizo mita mia tatu mpaka tukagundua kuwa sababu ni tairi zake. Alipobadilisha rimu aliweka kubwa kuliko zilizokuja na gari, na tairi kubwa huzunguka mara chache kwa safari ileile.

Naanza na barabara kwa sababu habari ya Suhail na gari lake haina mahali pengine pa kutokea. Njia zetu nyingine wakati huo zilikuwa za mchanga na mawe, na gari lile halikuweza hata kugeuzia huko. Lilikuwa na lami hiyo moja. Na juu ya lami hiyo moja Suhail alikuwa na haja moja, ambayo alinitajia kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja maradhi: alitaka kuingiza gia ya sita na kukaa nayo mpaka Utende.

Suhail ana miaka arobaini na sita. Ana duka la vipuri vya pikipiki na baiskeli karibu na soko la Kilindoni, mlango wa pili kutoka kwangu. Baba yake aliacha shamba la minazi Kiegeani, na anayeliangalia ni shangazi yake, Bi Mwanahalima, anayeishi hukohuko kando ya barabara na mume wake, Mzee Hafidhi. Suhail si mtu wa kelele. Msumari uliopinda huunyoosha badala ya kuutupa, na kwenye rafu zake kila boksi lina jina lake. Watu walipoambiwa ameagiza gari kutoka Japani walidhani ni pikapu ya kubebea nazi.

Haikuwa pikapu. Ilikuwa Altezza, gari dogo la milango minne, la gia sita za mkono. Likiwa limesimama ni gari la kumpeleka mtu ofisini. Likiondoka ni jambo jingine, na Suhail alilijua jambo hilo tangu ujanani, alipokuwa akiuza katika duka la mjomba wake Kariakoo. Jirani mmoja alikuwa nalo. Kila jioni jirani huyo akifunga duka lake na kuondoka, Suhail aliacha alichokuwa akikifanya na kusikiliza mpaka mlio upotelee mbali.

"Ulikuwa unapanda, unapanda, halafu unatulia," aliniambia. "Ile kutulia. Ile ndiyo sita."

Alingoja miaka kumi na minane. Mitatu ya mwisho aliimaliza kwenye simu, baina ya mteja na mteja, akitazama picha za magari ya mtumba ya Japani. Alijifunza kusoma karatasi zao za ukaguzi, herufi ipi ni mkwaruzo na ipi ni bonyeo, mpaka ukimpa karatasi moja anakuambia gari lile liligongwa wapi na lilipakwa rangi mara ngapi. Alilikataa moja kwa sababu ya kovu la sigara kwenye kiti cha nyuma. Lile alilolichukua lilikuwa la rangi ya fedha, na ndani ya kisahani chake cha majivu mlikuwa na sarafu ya Kijapani yenye tundu katikati. Anayo mpaka leo.

Gari liliposhuka Dar es Salaam alifanya jambo ambalo Haruni, fundi wetu wa Kilindoni, alimkataza kwa simu mara mbili. Alilipeleka kwa fundi mmoja wa Ilala akalishusha. Springi za asili zikatolewa, zikawekwa fupi, na gari likakaa chini kiasi kwamba ngumi haikupita baina ya tairi na bodi.

"Unakuja nalo Mafia au unakwenda nalo Ulaya?" Haruni alimuuliza.

"Nakuja nalo kwenye lami."

"Na kabla ya lami kuna nini?"

Kabla ya lami kulikuwa na kivuko cha Nyamisati. Hapo Suhail alifanya kosa ambalo mtu wa bara asingeweza kulifanya, kwa sababu mtu wa bara asingehesabu mwezi kabisa. Yeye alihesabu. Alichagua mwezi kumi na sita, siku za bamvua, kwa kuwa kichwani mwa kila mtu aliyezaliwa kisiwani bamvua ni maji makubwa, na maji makubwa hunyanyua chombo. Alichosahau ni kwamba maji yanayojaa sana ndiyo yanayokupwa sana, na kwamba siku za bamvua, saa nne asubuhi, saa aliyopangiwa kupakia, bahari iko chini kabisa. Alipofika gatini alikuta kivuko kimekaa chini na mlango wake umeinama kama paa la nyumba. Pikapu ziliingia. Lori la saruji liliingia. Altezza ilitanguliza bampa, ikagusa chuma, ikarudi.

"Kaka, hili gari au mkeka?" baharia mmoja aliuliza.

Suhail alikaa Nyamisati siku sita akingoja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana. Kila siku alinipigia simu kuniuliza mwezi ngapi, kana kwamba mwezi wa Mafia unakwenda haraka kuliko wa Nyamisati.

Siku alipolifikisha nyumbani, mke wake Muna alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, na Suhail akawasha. Sauti nyororo ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani kutoka kwenye dashibodi.

"Anasema nini huyu?" Muna aliuliza.

"Sijui. Ni mashine ya ramani. Inadhani bado iko Japani."

"Hujui anachosema, na umemleta nyumbani kwangu."

"Haizimiki, Muna. Nimejaribu."

"Basi mwambie hapa mwenyewe nipo."

Redio nayo haikupata stesheni zetu, maana masafa ya redio za Japani yanakoma mahali ambapo ya kwetu yanaanzia. Suhail alisema hakuna tabu, yeye hataki redio, anataka kusikia injini. Ndipo lilipokuja suala la mafla, bomba la kutolea moshi. Iliyokuja na gari ilikuwa ya kimya, na alihisi amenunua kinanda kilichofungwa kitambaa. Akaagiza nyingine, yenye mdomo mpana kama kikombe cha uji. Haruni akaifunga, na ile ya zamani akaitupa nyuma ya karakana.

Sitasema ilikuwa kelele. Pikipiki zetu zilizotobolewa mafla ndizo zenye kelele. Huu ulikuwa mlio mzito, uliokwenda mbali bila kutetemeka, na siku ya kwanza alipopita sokoni watu waliacha kupimiana samaki wakageuka. Suhail aliona haya, lakini aliporudi dukani alikuwa anatabasamu.

Kuanzia mwezi wa sita nilimwandikia safari zake. Aliniomba mwenyewe, kwa ajili ya petroli, akijua kwamba mimi huandika vitu. Nikaongeza safu moja ya gia ya juu kabisa aliyofikia. Mpaka mwezi wa pili mwaka uliofuata kulikuwa na safari ishirini na tatu. Katika safu ile kuna nne nyingi, kuna tano chache, sita hakuna.

Sababu haikuwa gari. Kwetu mtu unayemjua hapitwi barabarani. Unasimama, unamwamkia, unamuuliza anakwenda wapi, na ukiwa na nafasi anapanda. Na kisiwani hakuna usiyemjua. Safari ya kwanza Suhail aliingia gia ya tano baada ya uwanja wa ndege, mkono ukiwa tayari, na mbele akaona mtu na kikapu. Safari ya pili walikuwa wawili na mbuzi. Safari ya tano, nami nikiwa naye garini, alikuwa shangazi yake mwenyewe, Bi Mwanahalima, nje ya nyumba yake Kiegeani, amejifunga kanga na mzigo uko chini tayari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nilijua ni wewe. Fungua nyuma."

"Nazi ngapi, shangazi?"

"Chache."

Chache zilikuwa arobaini, na juu yake akapanda Bi Mize, jirani yake, na mikungu miwili ya ndizi. Gari likakaa. Kila tuliporuka kidogo tairi za nyuma zilisugua bodi.

"Gari lako linalia," Bi Mwanahalima alisema.

"Tairi inagusa bodi. Ni uzito."

"Unaniambia mimi mnene?"

"Nazi, shangazi. Nasema nazi."

"Basi hao Wajapani hawakutia springi?"

"Walitia. Nilizitoa."

Akamtazama. "Ulizitoa."

"Nikatia fupi."

"Mize, umesikia? Gari lilikuja zima, akalipunguza." Bi Mize akacheka mpaka ndizi zikamwanguka miguuni. "Na akili zako zote ulikuwa nazo siku hiyo, baba?"

Suhail alikuwa anasikiliza ule msuguano, uso ameukaza, kama mtu anayesikiliza jino lake mwenyewe.

Ilimchukua muda kuona kwamba watu hawa hawakuwa wakikutwa barabarani kwa bahati. Ilikuwa safari ya kumi na saba. Alimuuliza shangazi yake kwa nini kila akipita anamkuta nje na mzigo umeshafungwa.

"Si tunakusikia!" Bi Mwanahalima alisema. "Zamani tulikuwa tunangoja gari nusu siku. Wewe ukianza kunguruma huko, tuna dakika nne. Mimi nazima jiko, navaa, natoa kapu. Mize yeye humaliza na kufagia."

"Dakika nne," Suhail aliniambia jioni ile. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa na hakunywa. "Nimeiagiza mafla ile kwa pesa yangu ili niwaite."

Haruni alimpa shauri jepesi. "Rudishia ile ya zamani. Utawapita kama paka."

"Nisisikie kitu?"

"Utawapita, lakini."

"Haruni, nikifika sita bila kuisikia, nimefika wapi?"

Mwezi wa pili ukaisha hivyo. Alianza kuwa mkali dukani, yeye ambaye hakuwa mkali. Mteja akichelewa kuchagua pedi za breki alimwambia, "Wewe nawe unasimama kila mahali." Muna alinieleza kwamba hata akiwa amekaa kitini nyumbani mkono wake wa kushoto unasogea.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia alinijia na hesabu mpya. Alikuwa ameichora kwenye karatasi ya boksi. Inapoadhiniwa magharibi, alisema, kila mtu yuko mbele ya futari yake. Hakuna anayetembea, hakuna mwenye mzigo. Mbuzi wamefungwa. Kwa dakika kumi na tano barabara haina mtu, siku thelathini mfululizo. Tutaondoka kwenye kona ya uwanja wa ndege adhana inapoanza, tende tatu tatu juu ya dashibodi, chupa ya maji katikati. Tutafuturu ndani ya gari, tutaswali Utende. Mimi nishike saa.

Ningeweza kumwambia. Miaka yote Suhail alifuturia msikitini mjini, ambako watu hukaa ndani. Kiegeani wanaume hutoa mikeka na masinia nje, kando kabisa ya lami, makusudi ili mpita njia asikose futari, na anayepita saa ile huitwa. Sote tulilijua hilo. Yeye alidhani mtu mwenye uji mkononi hasimamishi gari, na mimi, nilipokuwa naitazama karatasi yake, nilidhani hivyohivyo.

Ilikuwa Ramadhani kumi na saba. Masika yalikuwa hayajashika na mchanga wa kando ya barabara ulikuwa mkavu. Adhana ikaanza, tukala tende moja moja, tukanywa maji, akaondoka.

Pili, tatu. Nne ilikwisha kabla sijatia kokwa mfukoni. Barabara ilikuwa tupu kweli. Aliingiza tano, akangoja, akaangalia mbele mpaka mwisho wa macho, na akaingiza sita.

Mlio ulipanda, ukapanda, ukatulia. Nilielewa alichokuwa akikisema miaka yote ile. Sindano ilikuwa baina ya tisini na mia, na ndani ya gari ungeweza kusikia tende zikiteleza juu ya dashibodi. Mdomo wa Suhail ulikuwa wazi kidogo.

Halafu Kiegeani. Mikeka ilikuwa imetandikwa pande zote mbili. Tangu mbali niliona kanzu nyeupe imesimama ukingoni mwa lami, na tuliposogea nikamjua Mzee Hafidhi, mume wa shangazi yake. Alikuwa ameshika bakuli kwa mkono mmoja na mwingine ameunyoosha, akituita kwa vidole kuelekea chini kama mtu anavyomwita mwanawe. Alikuwa anacheka. Walikuwa wamesikia mlio, wakajua nani anakuja, wakaongeza bakuli.

Nilimtazama Suhail. Mguu wake wa kulia ulinyanyuka kidogo. Mlio ukaanza kushuka. Akaurudisha mguu.

Alipunga mkono tulipompita. Nilipogeuka nyuma sikumwona mtu, niliona mchanga tu, umesimama juu ya mikeka yote kama ukungu.

Tulifika Utende. Saa yangu ilisema dakika nane na sekunde arobaini. Alizima injini tukakaa.

"Sita yote," alisema. "Kuanzia pale mpaka hapa."

"Ndiyo."

"Umemwona mzee?"

"Nimemwona."

Tuliswali. Tuliporudi aliendesha taratibu, na Kiegeani mikeka ilikuwa imeshakunjwa.

Kesho yake Muna alileta habari kutoka sokoni kabla hatujafungua maduka. Uji wote wa baraza ya Mzee Hafidhi ulimwagwa. Mihogo ya nazi pia, kwa kuwa sinia lilikuwa wazi. Watu saba walifuturu kwa maji na tende za jirani.

Suhail alikwenda palepale kuomba radhi, na mimi nikamfuata kwa pikipiki kwa kuwa nilikuwa ndani ya gari lile. Tulimkuta Mzee Hafidhi anachana makuti.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa jambo la jana."

"Marahaba, baba. Jambo gani?"

"Mchanga. Uji wenu."

"Aa, upepo ule. Msimu huu una upepo."

"Haikuwa upepo, mzee. Ni mimi."

"Wewe ulikuwa na safari yako. Mtu mwenye safari hacheleweshwi." Akaendelea na kuti lake. Bi Mwanahalima alitokeza mlangoni, akatuitikia vizuri, akauliza hali ya Muna, akarudi ndani. Hakuuliza gari liko wapi. Hakutaja nazi.

Suhail alirudi siku ya pili yake na ya nne, akasamehewa tena kwa maneno yaleyale.

Kuanzia hapo barabara ilikuwa yake. Akitoka mjini asubuhi, mlio ukisikika, hapatoki mtu. Waliokwisha kuwa njiani walisogea mbali na lami, wakampa salamu nzuri, wakamwonyesha kwa mkono kwamba apite. Alisimama mbele ya Bi Mize, aliyekuwa juani na mafungu mawili ya kuni.

"Panda, dada."

"Ahsante, kaka. Nangoja bodaboda."

"Bodaboda haijaja."

"Itakuja. Wewe nenda, usichelewe."

Angeweza kuijaza safu yangu kwa sita tupu. Niliandika tatu, tatu, mbili, tatu. Hakuna aliyekuwa mbele yake, na mkono haukwenda. Alikuwa na hasira nyingi na hakuwa na wa kumtupia. Alimwambia Haruni airudishe mafla ya zamani, apite kimya watu wasihangaike kuingia ndani.

"Ile?" Haruni alisema. "Mbaraka aliichukua. Ameikata akafungia mashine ya boti yake huko Bwejuu."

"Ilikuwa yangu!"

"Ilikuwa nyuma ya karakana miezi tisa, Suhail."

Basi akamwambia azirudishe springi ndefu, alizokuwa amezihifadhi kwenye boksi dukani tangu Ilala. Haruni alizirudisha kwa mchana mmoja bila kumcheka, na gari likasimama juu kama lilivyotoka Japani. Suhail alilipitisha Kiegeani mara mbili, polepole, ili lionekane. Lilionekana. Hapakutoka mtu.

"Umewaomba radhi mara tatu na wamekusamehe mara tatu," Muna alimwambia, nikiwa nimekaa barazani kwao. "Unataka nini tena?"

"Nataka wanigombeze. Huyu mzee ananiambia upepo. Upepo! Namwambia ni mimi, ananiambia upepo."

"Na wewe kila siku unakwenda na gari."

"Niende na nini?"

"Gari haliitwi futari, Suhail. Anaitwa mtu."

Suhail alibaki anaitazama ile sarafu ya Kijapani, ambayo siku hizo alikuwa akiichukua mkononi kwenda nayo kila mahali.

Ramadhani ishirini na sita aliniambia tuondoke mapema. Alilisimamisha gari kilomita moja kabla ya Kiegeani, chini ya minazi ya watu, akalifunga, na tukatembea. Nilikuwa na kiu na viatu vyangu vilikuwa vya dukani, si vya kutembelea. Tulifika kwenye mikeka ya kwanza wakati mwadhini anasafisha koo.

Mzee Hafidhi alikuwa na wenzake sita, masinia yamefunikwa kwa kawa. Niliona kwamba siku hizi yanafunikwa.

"Salaam alaykum," Suhail alisema.

"Waalaykumu salaam," waliitika wote.

Adhana ikaanza. Mzee alikuwa ameshika kikombe. Suhail hakusimama, kwa kuwa anayepita akisimama mwenyewe huwa amejialika. Alitembea mwendo wa mtu anayekwenda zake. Tuliwapita. Nilihesabu hatua, maana sikuwa na cha kufanya kingine. Ilikuwa ya tisa.

"Nyie!"

Tukageuka.

"Mnakwenda wapi na adhana inaadhiniwa?"

"Tunapita, mzee," Suhail alisema.

"Hapapitwi hapa." Mzee Hafidhi hakuwa anacheka. "Njooni mkae."

Tulivua viatu tukakaa. Mtu mmoja akasogea, mwingine akatupa tende. Mzee akachota uji kwa upawa, taratibu, akampa Suhail bakuli kwa mkono wake.

"Kunywa. Wa leo hauna mchanga."

Suhail alikunywa bila kuinua macho.

"Nilisimama pale," Mzee Hafidhi alisema, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Pale, na bakuli, kama mwombaji. Nimewaambia hawa, mtieni wa kwake, huyo anakuja. Mlio wake ule. Nimetoka na miguu yangu hii. Unanipungia mkono! Mimi ni abiria wa ndege, unanipungia?"

"Nimekosa, mzee."

"Umekosa sana. Baba yako angekushusha kwenye gari lile akakutembeza mpaka mjini."

"Na kuni za Mize!" Bi Mwanahalima alipaza sauti kutoka ndani, ambako wanawake walikuwa wakifuturu. "Mwambieni na kuni za Mize! Kabeba kichwani wiki nzima kwa sababu yake!"

"Nilimsimamishia, shangazi, alikataa!"

"Alikataa kwa sababu ulisema panda kama unamwambia mbuzi! Kunywa uji!"

Waliendelea hivyo mpaka mihogo ikaisha, kila mtu na lake. Mmoja alikumbuka kwamba gari lilimtisha kuku wake aliyekuwa akiatamia. Nami nilipata sehemu yangu, kwa kuwa, Mzee alisema, mtu mzima mwenye saa mkononi alikuwa na nafasi ya kusema neno. Suhail alijibu "ndiyo" kwa kila jambo. Nilimtazama: jasho lilikuwa linamtoka, na mabega yake yalikuwa yameshuka kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani kumi na saba.

Baada ya swala Bi Mwanahalima alitoka nje.

"Gari liko wapi?"

"Huko nyuma, shangazi."

"Limekufa?"

"Zima."

"Basi kesho saa mbili asubuhi liwe hapa. Nazi zangu zimelala wiki nzima."

Saa mbili asubuhi lilikuwa pale. Nazi zilikuwa sitini na mbili, nilizihesabu zikiingia. Springi ndefu zilibeba vizuri na tairi hazikusugua, lakini gari liliyumba kwenye kona kama ngalawa isiyo na mrengu mmoja, na Suhail alilalamika juu ya hilo tangu kona ya kwanza. Alisema usukani umekuwa mzito. Alisema Haruni hakukaza vizuri upande wa kushoto. Mwanamke wa Kijapani alisema neno na Bi Mwanahalima akamwitikia, "Na wewe pia."

Barabara mbele yetu ilikuwa imenyooka na tupu mpaka mwisho. Gari lilikuwa gia ya tatu. Bi Mwanahalima aliinama akakitazama kichwa cha gia, chenye namba zilizochorwa juu yake.

"Hii sita ya nini?"

"Ya barabara ndefu, shangazi."

Suhail alibadilisha, akaingia nne. Mkono ukabaki palepale juu ya gia, na mlio ukaanza kupanda.

"Simama, baba," Bi Mwanahalima alisema. "Yule mbele si Mize?"

Alikuwa Bi Mize, na mafungu matatu. Suhail alivuta pumzi, akaitoa kwa pua, akakanyaga breki.